Kijindege Ndani ya Kioo

Ndege za Pemba kwenda Tanga ni ndogo, na abiria hupangwa kwa uzito. Mimi nilipelekwa mbele, ubavuni mwa rubani. Mama mmoja muuza karafuu, aliyekaa nyuma yangu, akaniambia, "Usiguse kitu hapo, baba. Mie nina wajukuu bado."

Nilikuwa narudi kwa mama yangu, Raskazone, pale Tanga. Miaka mingi nimemwambia nakuja, kisha nikaishia Mtwara, Kigoma, popote penye kibarua. Safari hii nilimpigia simu nikiwa uwanjani kabisa. Akasema basi anaumimina mkate wa mchele.

Mbele yangu palikuwa na saa nyingi za vipimo, zenye vioo. Moja ilinivuta: ndani yake kijindege cheupe kilichochorwa kama kinavyoonekana kwa nyuma, na chini yake mrija uliopinda wenye gololi nyeusi ndani ya maji. Nikakumbuka pimamaji ya mafundi niliowabebea zege Maramba. Rubani, binti mdogo kwangu, aliniona nimekodoa macho.

"Hiyo inaonyesha tunageuka kwa kasi gani, kaka. Bawa likifika kwenye alama ile, duara zima ni dakika mbili. Gololi ikikaa kati, hata chai haimwagiki."

Karibu na Tanga tuliingia kwenye wingu zito. Mvua ilikuwa imekalia uwanja, tukaambiwa tuzunguke tusubiri. Mwili wangu ulikuwa tayari kuapa kwamba tunakwenda moja kwa moja. Lakini bawa la kijindege lilikuwa limeinama hadi kwenye alama, halitikisiki, na gololi imetulia kati.

"Tutatua?" nikauliza.

"Anga ikifunguka. Isipofunguka tunarudi Pemba, mafuta hayaturuhusu kukaa sana."

Nikaacha dirisha, nikawa nakitazama kijindege tu, nikikiomba kinyooke upande wa mama. Mara wingu likapasuka. Nikaona mapaa ya vigae ya Raskazone, na bajaji moja ikikata madimbwi. Wingu likafunga tena. Rubani akasema na redio, bawa likainama mara nyingine, kisha likanyooka. Nilipotazama dira, tulikuwa tumeupa mji mgongo.

"Samahani, kaka."

Tuliposhuka Pemba nilipiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niliisikia ndege. Nikatoka mvuani na kanga kichwani. Ikazunguka weee, ikaondoka. Nikamwambia jirani, huyo ni mwanangu, ndivyo alivyo."

Nilicheka.

"Kesho nakuja, mama."

"Mkate nimeufunika. Ukija kesho utaukuta umelala, utaula hivyo hivyo."

Hakukata simu mara moja, wala mimi sikukata. Nikawa nasikiliza mvua ya Raskazone ikipiga bati la jiko lake.