Bonde Katikati ya Kinoo

Kwetu, huku chini karibu na Golbanti, hakuna mawe. Ukichimba kisima unakuta udongo, na chini ya udongo, udongo mwingine. Ndiyo maana kijiji kizima tulikuwa na kinoo kimoja tu cha kunolea, nacho kilikuwa cha nyanya yangu, mnyoaji wa watoto wachanga.

Msimu ule wa kuvuna mpunga tulichoka sote. Tunaamka kufukuza ndege, tunakata masuke mpaka jua linazama, na kila aliyepita kwenda shambani alichutama mlangoni kwa nyanya akanoa kisu chake. Kila mtu alinoa katikati. Hakuna aliyekumbuka kwamba jiwe lina kando. Dada yangu alipojifungua, kinoo kilikuwa kimeingia bonde kama mtumbwi, na wembe ukipitishwa humo unatoka butu kuliko ulivyoingia.

Desturi yetu, mama na mtoto hawatoki nje mpaka nywele za kwanza za mtoto zinyolewe. Dada alikuwa ndani na moshi wa kuni mbichi, anakohoa. Mtoto wake wa kwanza alinyolewa kwa wakwe zake, kwa wembe butu, akakatwa utosini. Jeraha lilioza, tukamzika. Kwa hiyo nyanya alikataa katakata kumgusa huyu wa pili kwa wembe butu, na dada, ingawa alitamani sana kutoka, hakumlaumu. Nilipopita nyuma ya nyumba aliniita kupitia ukutani, akaniuliza maji ya mto yamefika wapi. Nikamweleza. Akasema, "Niambie tena."

Basi kazi ya kukinyoosha kinoo nikaichukua mimi.

Mitumbwi yote ilikuwa imebeba mpunga, hakukuwa na wa kwenda pwani kutafuta jiwe jingine. Nyanya akanielekeza nitwae ubao ulionyooka, niumwagie mchanga mwembamba wa mtoni na maji, nisugue jiwe kifudifudi mpaka bonde lipotee. Nikasugua kutwa. Mabega yakawa si yangu. Ili nisisinzie nikaota mchana. Pale misheni niliposoma kidogo, ilipokuwa bado nyumba ya makuti, mwalimu alituambia mto huu unatoka milimani, kwenye mawe matupu. Nikajiona napanda nao, kijiji baada ya kijiji, narudi na mtumbwi umejaa, kila nyumba jiwe lake. Kisha nikautazama mchanga kiganjani. Kumbe mawe yalishakuja zamani, ila yalichoka njiani kama mimi.

Kesho yake alasiri jiwe likawa sawa. Nyanya akalilowesha, akaulaza wembe, akauvuta kwa mkono mwepesi, anageuza, anavuta, kisha akaumalizia kwenye ngozi ya ndama tuliyopewa na wafugaji.

"Njoo, mume wangu," akaniita, kama nyanya wanavyowaita wajukuu wao wa kiume.

Akaninyoa nyuma ya sikio ili aujaribu. Nikalala palepale. Akatangaza kwamba umekuwa mkali, maana wembe mkali haumwamshi mtu.

Sauti ya dada ikatoka ndani. "Nyanya, huyo angelala hata ungemnyoa kwa jembe."

Ikabidi ninawe uso, nisimame wima, nijaribiwe upya. Nilisikia baridi tu, kama jani limenipitia.

Mtoto akanyolewa. Hakulia, alipiga chafya. Nyanya alipitisha kidole kichwani pote, polepole, akitafuta damu. Hakuiona. Dada akatoka na mtoto kifuani, macho yakimuuma kwa jua, akaketi akautazama mto. Nilitaka kuketi naye, lakini usingizi ulinishinda, nikajinyoosha pale pale miguuni pake.

Asubuhi vijana wakaja na visu vyao kama kawaida. Nyanya alikuwa amekizungushia kinoo kitambaa na kukilaza ndani.

"Kimejifungua jana," akawaambia. "Hakitoki nje."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka, wakaenda shambani na visu butu. Mimi pia. Siku ile masuke tuliyang'oa zaidi ya kuyakata.