Juu ya Nyua za Watu

Homa ilinikausha miguu nikiwa ndiyo kwanza najifunza kukimbia, na tangu hapo bibi akanifungia chumba cha ndani. Alisema ananikinga na husuda. Husuda! Nani amhusudu mtoto anayesota kwa makalio? Nilikaa mle chumbani kwetu Temeke nikawachukia wageni wote, maana mtu akipiga hodi tu, mie narudishiwa mlango.

Mjomba wangu alikuwa mtunza farasi wa Mzungu mmoja. Bwana wake alipokwenda likizo Ulaya, mjomba akawa anamtembeza farasi jioni, na siku moja akamleta mpaka kwetu.

"Leo utapanda, mjomba," akaniambia.

Bibi akaja juu. "Na watu wakimwona?"

"Mama, mficha uchi hazai."

Akaninyanyua, akaniweka juu. Lo! Mapaja yangu yalikuwa yameshikana, magumu kama kuni, na joto la yule mnyama likayaachia polepole. Yaliniuma, nikalia, na nikakataa kushushwa. Baada ya majuma kadhaa nikawa nakaa wima bila kushikwa. Mie niliyesemwa nimepandwa na pepo, sasa nimepanda mie! Mjomba akaahidi kwamba tukiendelea hivyo mpaka masika atanichongea magongo, nisimame. Sikumwomba Mungu kitu kingine.

Tatizo, farasi ni mrefu. Ua wa makuti humzuia mtu anayetembea, lakini mie kule juu niliona kila kitu: kanga zilizoanikwa, masufuria, wanawake wanaoga. Na katika ua wa jirani yetu, mke wa mwenye duka, nikaona mtoto amelazwa jamvini, shingo imempinda, mate yanamtoka. Aliniona naye, akaangua kicheko. Miaka yote ile sikuwahi kusikia kwamba nyumba ile ina mtoto.

Jioni ile ile mama yake akaja kwetu. Kama kawaida, nikarudishiwa mlango.

"Shikamoo, mama. Mjukuu wako anatuchungulia nyuani mwetu. Stara iko wapi?"

Bibi akaomba radhi, akaomba tena. Nikaona magongo yangu yanapotea hivi hivi. Hasira zikanipanda, nikapayuka nyuma ya mlango: "Na mwanao naye apandishwe! Mbona farasi anatutosha wote!"

Nikasikia nyayo zake zikiondoka haraka.

Kesho yake mafundi walikuwa wanaongeza makuti kwenye ua ule. Bibi akamwapisha mjomba asimlete tena mnyama wake, na mjomba hakuweza kumvunjia mama yake kiapo. Masika ikaja, ikapita. Mapaja yakashikana tena.

Farasi aliendelea kupitishwa barabara ya nyuma. Kwato zikisikika, yule mtoto alikuwa akicheka nyuma ya makuti, kwa nguvu, mtaa mzima unasikia, na hakuna aliyeuliza ni nani. Nami nilimjibu kwa kicheko kutoka chumbani, mpaka bibi alipokuja kuniziba mdomo kwa kiganja chake.