Shemeji na Daraja la Besi

Wapiga gitaa la besi wako wengi, na wote wananiita mwalimu. Ila jasho langu la kishujaa lilizitia kutu skrubu za daraja, kile chuma kinachobeba nyuzi, na besi ikaanza kukoroma siku ya harusi ya binti yangu. Nikamkimbilia shemeji, fundi wa vyerehani, asiyesikia tangu usichana lakini anasoma midomo.

“Shemeji, wewe unatoka jasho au siki?” akaniuliza, akiikagua kutu.

Akadondosha mafuta ya cherehani, skrubu zikalegea. Kisha akabana taya kwenye ubao wa gitaa ili mtetemo umfikie kupitia mfupa, akaniashiria nipige, huku akiinua nyuzi kidogo kidogo kwa bisibisi. Mkoromo ukafa. Mimi, domo la ukoo mzima, nikaibeba besi, tukakimbia.

Harusini aliegemea spika, akafumba macho, akacheza bila kukosa mdundo hata mmoja.