Ngege wa Visiwani

Visiwa vya mafunjo naviona nikiwa nimekaa mlangoni kwangu. Humo ndimo samaki wanamozalia, ndiyo maana ni marufuku kutupa wavu, na askari wa ziwa wanalinda. Sheria hiyo sina ubaya nayo. Ubaya wangu ni na watu.

Nilikuwa nimejifungua na maziwa hayaji. Mtoto anavuta, anavuta, anaachia na kulia. Kwetu, kando ya ziwa Tanganyika, mzazi hunyweshwa supu ya samaki mbichi mpaka maziwa yashuke, kwa hiyo mama mkwe alizunguka kila nyumba kutafuta samaki. Wapi! Ziwa zima lilikuwa limefungwa miezi hiyo, samaki wakue.

Ndipo akaja muuza samaki wa soko la Kashojwa, mwanamke tunayeimba naye kanisani. Akafunua beseni, akampanua ngege, sato wa huku, mashavu. Mekundu.

"Mama mtoto, huyu ni wa visiwani. Bamemuvua leo asubuhi, askari bamelala."

Mama mkwe akamlipa, akambariki. Mimi nikaenda kumwosha samaki. Maji yakawa mekundu, mashavu yakabaki ya kijivu. Nikambonyeza: kidole kikazama, na shimo likabaki pale pale. Harufu ilinipanda mpaka kwenye meno.

"Tia ndimu na pilipili mingi," mama mkwe akasema. "Mtoto analia, weye unanusa?"

"Mama, huu ni uozo. Siunywi."

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikambeba yule ngege kwa mkia hadi kwenye meza ya yule mwanamke, mbele ya wateja wake.

"Ametoka wapi huyu?"

"Mbarara. Kwani Mbarara hakuna samaki?"

"Na damu uliyompaka?"

"Ya ng'ombe. Nayo si nyama?"

Watu wakacheka. Wakacheka! Mabaki yaliyokataliwa mjini yamepanda gari, yamepita Kaberebere, yamekuja kuuzwa kwangu mimi ninayelala kando ya ziwa.

Nikamtupia samaki wake mezani. "Basi wapikie wanao."

Akageuza uso, akaanza kufukuza nzi.

Nyumbani mama mkwe alikuwa ametwanga karanga, amezipika na lengalenga, mchicha wa kwetu. "Kunywa hii basi, kichwa ngumu." Nikamaliza sufuria.

Mikono niliisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ile ndimu. Bure. Nilimpakata mtoto kwa viwiko, viganja nimeviweka mbali na uso wake. Akavuta, akaachia, akavuta tena. Akameza kidogo. Mimi bado nanuka damu ya ng'ombe.