Chumvi ya Shangazi

Shangazi ni mpishi wa kantini ya kiwanda cha magodoro. Haonji kwa kijiko. Anadondosha tone la mchuzi kiganjani, analamba, anafumba jicho moja, basi: chumvi imekaa au haijakaa. Wafanyakazi walimpa jina la Mizani. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuonja sufuria yake. Mimi naosha vyombo na kunyamaza.

Tumbo lilimtesa sana. Alikuwa akikoroga huku ngumi ameikandamiza chini ya kifua. Mwishowe akapimwa, akaambiwa ana vidonda vya tumbo, na vimeletwa na bakteria. Akapewa vidonge tele. Yeye akauliza kuhusu mafuta ya habasoda, maana jirani alikuwa ameyasifia mpaka basi.

"Kama yanakutuliza, mama, tumia," daktari alimjibu. "Lakini yawe nyongeza, siyo badala ya dawa. Ukikatiza dozi, wadudu watarudi wakiwa wakaidi zaidi."

Alichosahau kumwambia ni habari ya mdomo. Vidonge vilifanya kila kitu kiwe na ladha ya chuma.

"Kama nimelamba betri," Shangazi alilalamika. Akatia chumvi, akalamba kiganja, hakusikia kitu, akatia tena.

Mchana ule sahani zilisukumwa mbele.

"Mizani imeharibika! Huu mchuzi au maji ya bahari?"

"Mwacheni, mchele umepungua. Anataka tushibe maji!"

Msimamizi hakucheka. "Mama, ikitokea tena, natafuta mpishi mwingine."

Tangu hapo niliona chupa ya mafuta inashuka, pakiti ya vidonge iko vilevile. Chumvi ikarudi sawa, watu wakasifu. Shangazi alimeza kijiko chake cha mafuta asubuhi, akakunja uso, akasema tumbo limetulia. Ngumi nayo ikarudi palepale chini ya kifua.

"Shangazi, na vidonge je?"

"Loo, bubu kaongea!" Alijaribu kucheka, akaishia kukaa juu ya gunia la vitunguu. "Mwanangu, nikivimeza sina ulimi. Bila ulimi sina kazi. Mafuta angalau hayaninyang'anyi kitu. Nimechoka, basi tu."

Nikanawa mikono, nikasogea kwenye sufuria, nikamnyooshea kiganja.

Alinitazama weee. Kisha akajiinua taratibu, akachota kwa upawa, akadondosha tone. Lilikuwa la moto. Nikalamba.

"Vipi?"

"Bado kidogo."

Akatia chumvi, akakoroga, akadondosha tena.

"Sasa?"

"Imekaa."

Siku hiyo hakuna aliyepiga kelele. Shangazi alivua aproni, akajifuta jasho nayo. "Kesho nirudi kwa daktari nikagombezwe," alisema. "Na wewe ukinikosesha kazi, utanilisha."

Aligombezwa kweli, akapangiwa dozi upya. Sasa anameza vidonge, halafu mafuta yake, halafu anakaa kwenye gunia kungoja neno langu. Kwenye dirisha la kugawia chakula bado wanamwita Mizani, naye anaitika kwa sauti iliyochoka, bila kunitazama.