Twiga wa Miguu Mitatu Amerudi

Leo nimeona kompyuta mpya ikijifanya ya zamani, na bado nimeduwaa.

Marehemu mke wangu alifuma sweta za watoto hapa Ruiru, kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Kompyuta hiyo iliharibika. Michoro ya mke wangu ilibaki kwenye diski, lakini kompyuta mpya haikuweza kuifungua.

Mimi nilisema mashine iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Binti yetu Wambui alikataa katakata.

Leo ameweka ndani ya kompyuta mpya programu inayoiga ile ya zamani. Kisha akaunganisha mashine.

"Baba, usiguse kitu."

"Sijagusa."

"Hata meza, Baba!"

Mashine ilikwaruza kidogo, ikaanza kufuma.

Akatokea twiga. Nikahesabu miguu. Mitatu!

Mama Wambui alisahau mguu mmoja alipomchora. Wateja walimpenda hivyo hivyo, naye akakataa kumrekebisha.

"Ni yeye, Baba," Wambui akaninong'oneza.



Ndugu zangu, ikiwa mtoto wako aliwahi kuvaa twiga huyu, tafadhali niandikie hapa. Nitajie na rangi ya sweta.