Firigisi ya Ignatius

Ndugu yangu Ignatius ni fundi wa nguo hapa Amalemba, na ubishi wake umenizeesha. Miaka kumi na miwili cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la Mama Shanta, mjane wa Kihindi, na huyo mama ndiye aliyemfundisha yoga. Mgongo ulikuwa umemharibikia kwa kuinama. Mama Shanta akamwonyesha namna ya kujinyoosha, halafu namna ya kukaa kimya akisikiliza pumzi yake, halafu akamwambia ashone vizuri na mengine amwachie Mungu. Ignatius akayabeba yote. Kila alfajiri anatandika gunia nyuma ya nyumba, anakunja miguu, anafumba macho. Jumapili saa moja yuko misa. Nikimwuliza kule kwenye gunia anamwomba nani, anacheka tu.

Hayo ningeyavumilia. Lakini aliapa pia mbele ya huyo mama kutoumiza kiumbe, akaacha nyama. Mluhya mzima, jamani, akaacha hata kuku, ingokho yenyewe. Mama Shanta alipofariki mwaka juzi nikadhani mambo yataisha. Wapi.

Basi mwezi wa nne wakaja wazazi wa Oliver kutoka Bukura, kumposea kijana wao Nafula, binti wa pekee wa Ignatius. Kuku nilimchinja na kumpika mwenyewe. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na wageni hawagusi chakula kabla hajaila. Akiikataa mbele ya wakwe, amewakataa wao.

"Igna," nilimwambia jikoni, "leo usiniletee mambo yako."

"Dada, niliapa."

"Basi nenda umwambie Nafula."

Akatoka, akaenda kukaa na wageni. Nilimwekea ile firigisi kando ya obusuma, ugali wetu, kwa hasira na, niseme ukweli, kwa kumhurumia. Mzee Hezekiah, baba yake Oliver, akanawa mikono, akangoja. Nafula alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, macho kwa baba yake. Ignatius akafumba macho, akavuta pumzi taratibu, akaitoa. Akavuta tena. Nikasema moyoni, huyu mtu ananiaibisha leo.

Akafumbua macho, akaichukua, akaila yote. Alitafuna polepole, machozi yakimlengalenga, na Mzee Hezekiah akamega obusuma, akaanza kuusifu mchuzi wangu.

Wageni walipoondoka nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye gunia lake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumtania, nikayaacha.

"Nimekuvunjisha kiapo cha Mama Shanta," nikamwambia.

"Hakijavunjika. Aliniambia nisiumize," akasema. "Kuku ulikuwa umeshamchinja, Dada. Nafula ndiye aliyekuwa bado amesimama mlangoni."

Nikavua viatu, nikakaa kando yake. Mimi nikifumba macho nasinziaga, lakini nilikaa.